Masikio ya Rufiji: Historia Fupi ya Hedifoni na Namna ya Kuzichagua kwa Mitambo ya Zamani



Kila tunapokutana, mazungumzo yetu hayakosi kufika kwenye muziki wa zamani. Akitajwa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, au Salum Abdallah wa Cuban Marimba, au NUTA Jazz, hata aliyekuwa amesinzia huinua kichwa. Halafu huja lile la pili, kwamba wengi wetu tunayo mitambo ya kuusikilizia muziki huo nyumbani. Kuna redio-kaseti, gramafoni na amplifaya, nyingine za kwetu, nyingine tumerithi kwa wazee. Imefunikwa vitambaa sebuleni na haipigwi. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba watoto wanasoma, mama anaangalia televisheni, jirani analalamika. Dawa ya tatizo hilo inajulikana. Ni zile spika ndogo za kuvaa masikioni ambazo wengi tunaziita hedifoni.

Lakini dawa hiyo imewashinda wengi. Mtu hununua hedifoni yoyote aliyoikuta dukani, huivaa nusu saa, masikio yakaanza kuuma na jasho likamtoka, kisha akaitupa kabatini. Mtambo hurudi chini ya kitambaa, na kaseti zikaendelea kuota ukungu. Nimeona ni vema kuandika makala haya ili kueleza kwa nini mambo huwa hivyo. Nitaanza na historia, kwa maana hedifoni ilizaliwa kama chombo cha kazi, na raha ya mvaaji ilifikiriwa baadaye sana. Anayeijua historia hiyo hatachagua hedifoni kwa rangi wala kwa ukubwa wa mlio. Isitoshe, sehemu moja ya historia hiyo imepita mlangoni petu, katika delta ya Rufiji.

Sikio katika vita vya delta

Sote tuliosoma upande huu tumesikia habari za manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Iliwasili Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914. Vita Kuu ilipoanza ilikuwa imekwisha kutoka baharini, na tarehe 6 Agosti iliiteka meli ya biashara ya Waingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Omani. Mwanzoni mwa Septemba iliingia kujificha katika mito ya delta yetu. Tarehe 20 Septemba ilichomoka usiku, ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikarudi katika mikoko. Injini yake ilikuwa imeharibika, na vipuri vyake vilivutwa na Waafrika kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Kazi hiyo ya jasho haitajwi sana vitabuni.

Waingereza waligundua maficho yake tarehe 30 Oktoba 1914, baada ya kukamata karatasi huko Lindi zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yamepelekwa Salale. Kuigundua hakukuwa sawa na kuipiga. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni kwa sababu ya uchache wa maji. Tarehe 10 Novemba walizamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mkondo mmoja ili kuuziba, lakini delta ina milango mingi. Mikoko nayo iliikinga Königsberg isionekane kutoka baharini. Wajerumani kwa upande wao waliweka walinzi karibu na midomo ya mito, na vituo vyao viliunganishwa na meli kwa waya za simu.

Ilibidi Waingereza walete kutoka mbali meli mbili za namna ya pekee, Severn na Mersey, ambazo tumbo lake halikuzama hata mita 2 majini. Zilipiga kambi Mafia, kisiwa walichokuwa wamekiteka Januari 1915, na huko huko wakatengeneza uwanja wa ndege. Mpango ulikuwa huu. Meli zingeingia mtoni na kupiga mizinga kuelekea mahali ambapo mpigaji hapaoni, umbali wa kilometa kama 10. Ndege ingezunguka juu na kutazama risasi zinapoangukia, kisha ingepeleka habari chini kwa simu ya upepo, kwa alama za Morse: risasi imezidi, imepungua, imekwenda kulia, imekwenda kushoto.

Hapo ndipo hedifoni inapoingia katika historia ya Rufiji. Ndani ya meli, katika joto la Julai la delta, huku mizinga ikitikisa mabati, mtu mmoja alipaswa kusikia tii na taa nyembamba kutoka kwenye chombo dhaifu cha ndegeni. Spika ya kutoa sauti chumbani haikuwapo kwa kazi hiyo. Yalikuwapo masikio yake na vile vidude viwili vilivyokaa juu yake.

Tarehe 6 Julai 1915 shambulio la kwanza lilishindwa. Zilipigwa risasi zaidi ya 600, Mersey ikajeruhiwa, na Königsberg ikabaki. Tarehe 11 Julai walirudi. Rubani alikuwa John Cull, na mtazamaji wake Harwood Arnold. Ndege yao ilipigwa na injini ikazima, lakini Arnold hakuacha kugonga alama zake. Huku ndege ikiporomoka aliendelea kusahihisha shabaha ya Severn, na risasi zikaanza kuipata Königsberg. Akaomba pia mashua ipelekwe kuwachukua. Ndege ilianguka mtoni karibu na Mersey, wote wawili wakaokolewa. Alasiri hiyo Kapteni Max Looff aliamuru meli yake ilipuliwe. Mizinga yake 10 iliopolewa na kutumika katika vita vya nchi kavu. Mmoja uko leo Fort Jesus, Mombasa. Mabaki ya meli yalionekana mtoni hadi miaka ya 1960. Sehemu hiyo ya delta siku hizi iko katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010.

Wanahistoria husifu mizinga na ndege, na ni haki yao. Lakini mnyororo ule ulikuwa na pingu ya mwisho, nayo ni msikilizaji. Angekosa kusikia alama moja kwa sababu sikio linauma au kelele inaingia pembeni, risasi zingeendelea kuanguka katika matope.

Chombo cha kazi

Hedifoni za wakati ule zilikuwaje? Nyingi zilikuwa visahani viwili vya chuma chembamba, kila kimoja mbele ya sumaku na nyuzi za shaba, vikashikwa na upinde wa chuma uliobana kichwa. Mlango wa sauti ulikuwa ebonaiti ngumu iliyokandamiza sikio. Hapakuwa na mto. Kubana kule kulikuwa na maana, kwa sababu kulizuia kelele za nje na kusogeza sauti hafifu karibu na ngoma ya sikio. Mvaaji alilipwa mshahara avumilie.

Mmarekani Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah ndiye anayekumbukwa zaidi kwa hedifoni za zama hizo. Alizitengenezea jikoni kwake, na mwaka 1910 jeshi la majini la Marekani likaanza kuziagiza. Alitengeneza upinde wa fito unaoweza kurekebishwa ukubwa, jambo lililowafurahisha wavaaji. Hata hivyo sifa iliyomwuzia ilikuwa wepesi wa kunasa sauti ndogo.

Kutokana na kazi hiyo hedifoni za zamani zilikuwa na ukinzani mkubwa wa umeme, mara nyingi omu 2,000 au zaidi, ili umeme kidogo sana uweze kutikisa kisahani. Naomba wasomaji wakumbuke neno hili ukinzani, maana tutarudi kwake tutakapofika dukani.

Redio ya wote

Baada ya vita ile redio ilianza kuingia majumbani huko Ulaya na Marekani, na kwa muda watu walisikiliza kwa hedifoni, kila mtu na zake. Amplifaya za valvu zilipopata nguvu, spika ikachukua nafasi na hedifoni zikarudi kwa mafundi na maaskari.

Sisi huku tulipokea redio ikiwa tayari ina spika. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kazi yake leo inafanywa na TBC. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyoifikisha redio vijijini, kwa kuwa iliiondolea haja ya umeme wa nyumba. Betri zikatosha. Redio za National zikatengenezwa Dar es Salaam na za Philips zikaunganishwa Arusha, na mwenye redio kijijini akawa mtu wa kutembelewa.

Usikilizaji wa wakati huo ulikuwa wa pamoja. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa katika vijiji vya nchi ya juu, katika Operesheni Rufiji, na redio ikawakuta wamekaa karibu karibu. Mwaka 1973 ulikuja mpango wa Mtu ni Afya, ulioendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na wenzake. Kwa majuma 12 vikundi kama 75,000 nchi nzima, vyenye watu wapatao milioni 2, vilikusanyika mbele ya redio, vikasikiliza kipindi, vikasoma kijitabu na kujadiliana. Baada ya hapo watu wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ukafuata Chakula ni Uhai.

Nataja mambo haya kwa sababu yanaeleza mazoea yetu. Wazee wetu wengi hawakuwahi kuvaa hedifoni kwa starehe. Kwao kusikiliza peke yako kulifanana na kula mbele ya wageni bila kuwakaribisha. Mpaka leo ukivaa hedifoni sebuleni kuna mzee atakayedhani umemnunia. Fikra hiyo ina hekima ndani yake, na nitairudia mwishoni.

Hedifoni zarudi kwa starehe

Mabadiliko yalitoka nje tena. Mwaka 1937 kampuni ya Beyer ya Berlin ilitoa hedifoni ya DT 48, iliyotumia koili na sumaku kama spika ndogo badala ya kisahani cha chuma. Sauti ikawa pana na laini. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee, Marekani, alionyesha hedifoni ya SP/3 pamoja na gramafoni ya stirio, ili mtu asikilize santuri kwa masikio mawili kama yuko mbele ya bendi. Hedifoni ikauzwa kwa wingi kwa mtu anayetaka kupumzika.

Mwaka 1968 Sennheiser wa Ujerumani alitoa HD 414, nyepesi, yenye mito ya sponji ya manjano na mgongo ulio wazi, yaani sauti na hewa hupita nyuma yake. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Ukinzani wake ulikuwa omu 2,000, kwa hiyo iliendana na mitambo ya enzi zile. Mwaka 1979 Sony wa Japani akatoa Walkman pamoja na hedifoni ya gramu 50 hivi. Chombo hicho kilifika kwetu mikononi mwa mabaharia, wanafunzi waliosoma nje na wafanyabiashara, na vijana wa mabweni wa miaka ya 1980 na 1990 wanakijua vizuri.

Ukiifuata njia hiyo kutoka 1910 hadi 1979 utaona kwamba kila aliyefanikiwa alipunguza maumivu. Alipunguza uzito, au kubana, au joto. Sauti nzuri ilikuwapo tangu DT 48, lakini watu wa kawaida walikubali kuvaa hedifoni jioni nzima pale tu zilipoacha kuwa adhabu. Hilo ndilo somo la kwenda nalo dukani.

Kwanza, kichwa na sikio

Kwa kusikiliza nyumbani nashauri hedifoni zinazozunguka sikio lote. Zile ndogo zinazokalia sikio hulikandamiza juu ya mfupa, na zile za kuchomeka tunduni huchosha haraka. Katika zile kubwa angalia mambo manne.

Mosi, sikio lote liingie ndani ya mto bila kugusa ukingo wala kitambaa cha ndani. Mtu mwenye masikio makubwa asione haya kusema hazimtoshi. Pili, uzito. Hedifoni za gramu 250 hadi 300 huvalika saa mbili bila shingo kulalamika, na zinazozidi sana hapo zinahitaji upinde mpana wenye sponji nzuri. Tatu, kubana. Ukitikisa kichwa zisianguke, lakini taya na misuli ya shavu zisihisi kubanwa. Wenzangu wavaaji wa miwani, na umri huu tumekuwa wengi, wajaribu wakiwa na miwani yao, maana mto mgumu hukandamiza fremu juu ya sikio hadi kichwa kikauma.

Nne, joto. Hapa watu wa pwani tusidanganywe na matangazo ya nchi za baridi. Mito ya ngozi bandia huziba vizuri lakini hutunza jasho, na katika unyevunyevu wa Kibiti au Dar es Salaam ngozi hiyo huchubuka na kumwaga magamba meusi shingoni baada ya miaka michache. Mito ya kitambaa cha mahameli hupumua zaidi. Vilevile hedifoni zenye mgongo wazi hazipashi joto kama zilizofungwa. Kasoro yake ni kwamba sauti hutoka nje kidogo na kelele za nje huingia. Basi mwenye chumba tulivu achague za wazi. Anayesikiliza pembeni mwa mtoto aliyelala, au karibu na barabara ya bodaboda, achague zilizofungwa na apumzike mara kwa mara.

Ukiwa dukani usizivae dakika mbili ukalipa. Zivae dakika 20 huku ukizungumza na muuzaji. Maumivu ya hedifoni mbaya hayaji mara moja.

Pili, mtambo wako

Sasa turudi kwenye ukinzani. Amplifaya nyingi za miaka ya 1970 hazikuwa na sehemu maalumu ya kuendesha hedifoni. Mafundi walichukua umeme wa spika, wakaupitisha katika rezista ya mamia ya omu, na kuufikisha kwenye tundu la hedifoni. Chukua mfano wa rezista ya omu 330. Ukichomeka hedifoni ya omu 300, itapata karibu nusu ya volteji. Ukichomeka ya omu 32, kama nyingi za siku hizi zinazotengenezwa kwa simu za mkononi, itapata sehemu moja tu katika kumi na moja. Mara nyingi sauti bado itatosha, kwa kuwa amplifaya ina nguvu ya ziada, lakini besi inaweza kuvimba na kulegea, kwa sababu ukinzani wa hedifoni hubadilika kufuatana na noti, na ile rezista huyakuza mabadiliko hayo.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi. Kwa amplifaya au risiva ya zamani inayotumia umeme wa nyumba, tafuta hedifoni za omu 250 hadi 600. Aina kama Sennheiser HD 600 ya omu 300, iliyotoka mwaka 1997, au Beyerdynamic DT 880 ya omu 250 au 600, hukubaliana nayo vizuri, ni za mgongo wazi au nusu wazi, zina mito ya kitambaa, na mito ya badala hununuliwa peke yake. Jambo hilo la mwisho lina thamani kuliko watu wanavyodhani, maana mto ukichakaa hubadilishi hedifoni nzima. Lakini kwa redio-kaseti ya betri au Walkman fanya kinyume. Betri mbili hazina volteji ya kuitikisa hedifoni ya omu 600, na utasikia mnong'ono. Huko tumia za omu 16 hadi 64.

Angalia na tundu. Mitambo mikubwa hutumia plagi nene ya milimita 6.35, midogo ya milimita 3.5, na baadhi ya mitambo ya Ulaya ina tundu la duara la pini tano. Adapta zipo. Lakini redio nyingi za zamani zina tundu la mono, na ukichomeka plagi ya stirio sikio moja hubaki kimya. Usidhani hedifoni imekufa wala usimlaumu fundi. Nunua adapta ya mono kwenda stirio. Ukumbuke pia kwamba masafa ya kati na mafupi yalitangazwa kwa mono, kwa hiyo ukiyasikia katikati ya kichwa, ndivyo yalivyo.

Tatu, usalama

Hapa naomba nisomwe kwa makini. Baadhi ya redio za valvu zilitengenezwa bila transfoma ya kutenganisha umeme, na chuma cha ndani kimeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Mtu akifunga waya wa hedifoni kwenye redio ya namna hiyo anajiwekea volti 230 kichwani. Usijaribu kamwe, na usimruhusu kijana wa mtaani ajaribu. Kama redio haikutoka kiwandani na tundu la hedifoni, mpelekee fundi anayejua kusoma mchoro, akuambie kama ina transfoma.

Usiunganishe hedifoni kwenye nyaya za spika kwa kubahatisha. Katika baadhi ya amplifaya waya hasi wa spika si wa ardhini. Plagi ya hedifoni huunganisha pande mbili pamoja, na amplifaya inaweza kuungua papo hapo.

Tena kuna adabu ndogo ya kila siku. Punguza sauti, chomeka plagi, washa mtambo, ngoja sekunde chache, ndipo uvae. Mitambo ya zamani hutoa kishindo inapowashwa, na kishindo hicho ni bora kikutane na hewa kuliko ngoma ya sikio lako.

Sikio halina spea

Nimesema raha ya kuvaa ndiyo kipimo cha kwanza, na sababu kubwa ni hii. Hedifoni inayoumiza au isiyokaa vizuri humfanya mtu aongeze sauti ili asahau usumbufu. Shirika la Afya Duniani, katika viwango vilivyotolewa mwaka 2019, lilitaja kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10. Anayepigiza desibeli 95 amemaliza posho yake ya wiki kwa saa moja na robo.

Uziwi wa namna hiyo hauumi unapoingia. Hula kwanza sauti nyembamba. Mtu husikia kwamba watu wanaongea lakini hashiki maneno, hasa ya wanawake na watoto. Watu wa nyumbani hudhani amekuwa mkaidi, naye hudhani wanamficha jambo. Mwingine hubaki na mlio masikioni usiozimika usiku. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Gramafoni utapata sindano mpya, amplifaya utapata kapasita, lakini sikio halina spea. Kipimo chepesi ni kwamba mtu akisimama hatua moja kutoka kwako akasema kwa sauti ya kawaida, nawe umevaa hedifoni za mgongo wazi, umsikie. Ukiona huwezi, punguza.

Neno la mwisho

Nilitaja fikra ya wazee kwamba kusikiliza peke yako ni uchoyo. Nadhani wana haki nusu. Muziki wa kucheza uachwe kwenye spika, watu wakusanyike. Lakini iko kazi moja ambayo hedifoni nzuri huifanya kuliko spika yoyote, nayo ni ile ile ya Julai 1915, kunasa sauti hafifu katikati ya kelele.

Majumbani mwetu zimo kaseti zilizorekodiwa kwa mkono. Nyingine ni za harusi, nyingine za ngoma za mavuno, nyingine ni za mzee akieleza asili ya ukoo au namna watu walivyohama kutoka bondeni. Tepu zimechakaa, na sauti iko chini ya mvumo. Kwenye spika husikii kitu. Ukizivaa hedifoni zinazokaa vizuri, ukaweza kukaa nazo saa mbili bila kukereka, utaanza kushika neno baada ya neno, na utaweza kuyaandika. Santuri za bendi zetu zina nakala nyingi, na nyingi zilichapwa Nairobi kwa mamia. Sauti ya bibi yako ina nakala moja, nayo inaliwa na unyevu.

Basi napendekeza kwamba kabla ya mkutano wetu ujao kila mmoja atoe kaseti moja kabatini, aisikilize mpaka mwisho, aandike yaliyomo, na ainakili katika chombo cha kisasa. Akimaliza awaite watu wa nyumbani, achomoe hedifoni, na awasikilizishe wote.